Jogoo ni Yule Yule

Walimu vijana wa idara yetu waliniomba, kabla sijarudisha funguo za ofisi, niwaandikie kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kufundisha uhasibu hapa chuoni. Nadhani walitarajia mbinu za kusahihisha mitihani ya watu mia mbili bila kuumwa mgongo. Mbinu hizo ninazo na nitazitoa. Ila leo ni siku ya tatu nimekaa na karatasi hapa nyumbani Lushoto, na kila nikianza ninaishia kwa jogoo mmoja. Kwa hiyo nimekubali yaishe. Nitaandika habari za jogoo, na mengine yatapita njiani. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vya kwangu havikuwa na kisa, na vyenu mtavijua wenyewe.

Mimi ni mtu wa Tanga mjini, Mwislamu wa kuzaliwa na wa kulelewa. Kabla ya kuja chuoni nilikaa miaka kumi na mmoja kwenye ukaguzi wa ndani katika ofisi moja ya umma. Kazi ile inakuharibia macho. Ukiona mifuko ya saruji imepungua stoo, unajua kuna mtu. Ukiona stakabadhi safi kupita kiasi, unajua kuna mtu. Nilipoona tangazo kwamba chuo cha kanisa huku milimani kinatafuta mwalimu wa uhasibu, niliomba zaidi kwa kulikimbia joto la Tanga kuliko kwa kuipenda elimu. Kwenye usaili wakaniuliza kama nina tatizo la kufanya kazi mahali ambapo siku inaanza kwa ibada. Nikasema sina. Ukweli ni kwamba sikuwa najua kama ninalo au sina.

Siku ya kwanza mlinzi wa getini alinisalimia, "Bwana Yesu asifiwe," nami kwa mazoea nikajibu waalaikum salaam. Alifikiri kidogo, kisha akafungua geti. Saa mbili nikaingia kikao cha idara, na mkuu wetu, Mwalimu Mbaga, Mpare mrefu wa kutoka Same aliyevaa sweta mbili, akasema kikao kinafunguliwa kwa sala na zamu ya leo ni ya mwenzetu mgeni. Mgeni nilikuwa mimi. Nikasimama. Vichwa vyote vimeinama, nami sijui nianzie wapi wala nimalizie kwa jina gani. Mwisho nikasema, "Mungu, tusaidie hesabu zikubali." Wakaitikia amina, na kikao kikaendelea. Baadaye Mwalimu Mbaga alikuja mezani kwangu kuomba radhi. Alikuwa ameliona jina langu, Zaituni, akafikiri nimepewa kwa heshima ya Mlima wa Mizeituni. Akaniuliza kama anitoe kwenye orodha ya zamu. Nikamwambia aniache. Sala yangu ilibaki ile ile hadi nilipostaafu, na kusema kweli ilijibiwa mara chache tu.

Vifaa vyetu wakati huo vilikuwa ubao, chaki, na kikokotoo kimoja cha idara chenye karatasi ya kujiviringisha, ambacho kilifungiwa kabatini kama dawa. Kompyuta zilikuwapo, umeme ndio uliokuwa na ratiba yake. Wanafunzi walichora safu za leja kwa rula, debiti kushoto, krediti kulia, na vidole vyao asubuhi vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi hata mistari ikapinda. Ushauri wa kwanza ndio huu: mwezi wa sita na wa saba msifundishe uchakavu wa mali kabla ya saa nne. Hakuna atakayewaelewa, na ninyi wenyewe mtakuwa mnafikiria chai.

Mwalimu Mbaga alikuwa na tabia moja iliyonikera. Kila kazi ya mwanafunzi aliisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa penseli, na alama ndogo ndogo pembeni, mara ya pili ndipo anatoa kalamu nyekundu. Nilimwambia hiyo ni kupoteza muda. Akanijibu kwamba wino mwekundu haufutiki, na mwanafunzi akishauona haoni kitu kingine kwenye ukurasa ule. Mimi nilikuwa na kalamu nyekundu mbili mkobani, moja ya akiba.

Wanafunzi nao walinichanganya. Kule nilikotoka, mtu akiuliza swali la hesabu anataka jibu la hesabu. Hapa kijana mmoja aliwahi kuniuliza darasani kama sadaka ni mapato ya kanisa, au kanisa linaishika tu kwa niaba ya mwenyewe. Nikamuuliza mwenyewe ni nani. Darasa zima likanitazama kwa huruma. Nilijibu kwa mujibu wa kitabu, ukurasa fulani, aya fulani, na kengele ikaniokoa.

Sasa tufike kwenye jogoo. Ilikuwa mwaka wangu wa pili. Wanafunzi walikuwa wakienda mafunzo ya vitendo, wao wanaita fildi, kwa wiki nane, na kila mmoja ana mwalimu wa kumsimamia. Mimi nilipewa wanane. Mmoja wao alikuwa Elifrida, binti mwembamba wa kutoka vijiji vya juu, msikivu, mwandiko mzuri, wa kwanza darasani kwa mihula mitatu. Hakuwa na nauli ya kwenda kufanyia fildi mjini, akaomba afanyie kwenye usharika wa kwao wa Kilutheri. Nikakubali. Jina la usharika siliandiki, mtaona kwa nini.

Kazi yake ilikuwa kupitia vitabu vya mwaka uliotangulia. Vitabu hivyo vilitunzwa na Mzee Shemweta, mtunza hazina wa usharika kwa miaka ishirini na miwili, mkulima wa kabichi na karoti ambaye pia aliwahi kumfundisha Elifrida shule ya Jumapili. Kila kitu kilikuwa sawa hadi binti alipofika Sikukuu ya Mavuno, siku ambayo waumini huleta mazao kanisani na kuyanadi baada ya ibada. Palikuwa na orodha mbili. Ya kwanza, ya vitu vilivyopokelewa, ilisema majogoo matatu. Ya pili, ya mnada, ilisema yameuzwa majogoo kumi na moja. Maboga yalipokelewa sita, yakauzwa kumi na tisa. Fedha zote zilikuwapo benki, hadi shilingi ya mwisho.

Nilipoyaona hayo sikulala vizuri. Wizi wa kupunguza naujua. Wizi wa kuongeza sikuwahi kuuona. Mtu anapokea majogoo matatu, anauza kumi na moja, na fedha za majogoo yote kumi na moja anazipeleka benki? Nikajiambia labda kuna mtu anapitisha fedha zake humo, labda ya miaka ya nyuma yaliibwa na sasa yanarudishwa kimya kimya. Nikamwagiza Elifrida amuulize mzee, naye akarudi na jibu: jogoo ni yule yule. Nikamuuliza maana yake nini. Akainama. Nikamwambia hilo si jibu, ni kukwepa.

Rasimu ya ripoti aliileta wiki ya saba. Ndani yake palikuwa na ukurasa mmoja wa maelezo ulioanza na maneno "Kwa desturi ya usharika wetu". Sikuumaliza. Kwenye ukaguzi, mtu akianza na desturi, ujue nyaraka hana. Nikachora msalaba mkubwa mwekundu juu ya ukurasa wote, na pembeni nikaandika, "Si ushahidi. Andika kinachoonekana kwenye vitabu, si unachokijua kutoka nyumbani." Akaenda akaandika upya. Ripoti ya mwisho ilisema majogoo manane hayana asili, na kwamba mtunza hazina alishindwa kutoa maelezo ya kuridhisha. Sentensi hiyo ya mwisho niliitunga mimi. Nikampa alama ya juu kuliko wenzake wote.

Utaratibu wa chuo ni kwamba nakala moja ya ripoti inabaki idarani na nyingine inapelekwa mahali mwanafunzi alikofanyia mafunzo. Mkuu wa idara huisoma kwanza, lakini Mwalimu Mbaga alikuwa Same kwenye msiba, nami nilikuwa na haraka ya kufunga muhula. Nakala ikapanda mlimani ndani ya bahasha yenye mhuri wa chuo.

Mwalimu Mbaga aliporudi aliisoma kwa penseli yake, kisha akaja ofisini na kufunga mlango. Akaniambia usharika umemtaka Mzee Shemweta arudishe funguo za sanduku la fedha hadi ukweli ujulikane. Alizirudisha Jumapili mbele ya baraza la wazee, na sasa anakaa benchi la nyuma kabisa. Nikasema kama hana kosa ataeleza. Mwalimu Mbaga akaniuliza kama nimewahi kwenda kwenye mnada wa mavuno. Nikamjibu kwamba nimekagua minada mingi.

"Sikuuliza hivyo," akasema. "Jumapili ijayo wana mavuno tena. Twende."

Nikamwomba anieleze kabisa nijue nakwenda kuona nini. Akasema akinieleza nitadai nyaraka.

Tulikwenda kwa pikapu yake, barabara ya vumbi jekundu inayozunguka mashamba ya kabichi hadi unapoteza hesabu ya kona. Nilikuwa nimejifunga ushungi wangu kama kawaida na kukaa benchi la katikati, mahali ambapo nikikosea kusimama au kuketi nitawaona wengine kwanza. Hata hivyo nilikosea mara mbili. Mbele ya madhabahu palikuwa pamejaa mazao: viazi, karoti zilizooshwa, mahindi, peasi, miwa, mayai kwenye bakuli la bati, maboga, na majogoo mawili yaliyofungwa miguu ambayo yaliwika wakati wa mahubiri bila mtu kushtuka.

Baada ya ibada tukatoka nje. Mwanamume mmoja mwenye sauti akapanda juu ya benchi na kuanza kunadi. Jogoo wa kwanza alipoletwa nilimwona ni mzuri, na bei yake ni chini ya ile ya sokoni mjini, na pia nilitaka kuonyesha kwamba sikuja kwa shari. Nikataja elfu tisa. Hakuna aliyepandisha bei. Mnadishaji akanikabidhi jogoo, akaniangalia kwa adabu na kuuliza, "Madamu, unamchukua au unamrudisha?"

Sikuelewa swali. Nikafikiri anadhani sina fedha.

"Namchukua," nikasema. "Si nimemlipia?"

Kuna aliyecheka, akaguswa kiwiko na jirani yake, akaacha. Nikambana jogoo kwapani na kurudi nyuma, nikijua kuna kitu nimekosea lakini sikijui.

Likaja boga. Mama mmoja akalinunua, akasema, "Lirudi." Likanadiwa tena. Akalinunua mzee mwenye fimbo, akasema lirudi. Likanadiwa mara ya tatu, ya nne, ya tano. Boga ni lile lile, nilikuwa nalitazama, lilikuwa na kovu ubavuni. Na kila mara kijana wa kuandika anaandika mstari mpya: boga, boga, boga.

Nilimuuliza mama aliyesimama karibu nami wanafanya nini. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda kisimani. Si kila mtu ana shamba, alisema. Mwalimu wa shule ana mshahara lakini hana boga, naye anataka kutoa kwa Mungu siku ya mavuno. Na mwenye boga hawezi kuleta maboga ishirini. Basi linakuja moja, linatutosheleza wote, na la mwisho anapewa bibi asiyejiweza akapike. Kisha akaniangalia, akamwangalia na jogoo wangu, akasema si vibaya, mgeni anaruhusiwa kuchukua.

Nilimwona Elifrida amesimama na wanakwaya wenzake. Nikamwita nyuma ya kanisa, kwenye tangi la maji. Alinipa shikamoo bila kuniangalia.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Nilikuwa najua, Madamu. Tangu mdogo najua."

"Mbona hukuandika?"

"Niliandika. Ule ukurasa ulioukata."

Jogoo alikuwa anatapatapa kwapani, nikamshika vizuri. Elifrida akaendelea, bado anatazama chini. Alisema aliusoma wino wangu mara nyingi. Alidhani ndiyo kusoma kwenyewe, kwamba mtu akifika chuo kikuu ya nyumbani anayaacha getini, na kwamba kama hesabu zinasema mzee ni mwizi basi yeye ndiye hakuwa akielewa alichokuwa akikiona maisha yake yote. Mama yake alikuwa ameacha kumuuliza habari za masomo. Kwaya ilimwachia nafasi ya mwisho kwenye mstari. Alikuwa anafikiria kuacha chuo akalime.

Nimeona mambo mengi kwenye ukaguzi, watu wamefungwa, watu wamelia ofisini kwangu. Sijawahi kuona aibu kama niliyoiona pale kwenye tangi la maji.

Mzee Shemweta alikuwa amekaa peke yake barazani pa kanisa, kofia imepakatwa magotini. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Onga mshi," akasema, na hiyo ndiyo salamu yao ya mchana. Nikamwambia mimi ndiye mwalimu wa chuo. Akasema anajua.

"Binti aliniuliza nikamjibu jogoo ni yule yule," akasema. "Sikuwa na jibu jingine, maana hakukuwa na jogoo mwingine."

Nikamwomba radhi. Nikamwambia nitaandika barua rasmi ya kusahihisha, yenye mhuri, iende usharikani na nakala chuoni. Aliisikiliza barua yangu yote ya mdomo, kisha akatikisa kichwa.

"Barua wataiweka kwenye faili. Mimi sikuondolewa kwenye faili, mama. Niliondolewa mbele za watu."

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa lile, wakati wa matangazo, na ushungi wangu. Nikasema binti yao aliandika kweli, nikaikata mimi. Nikasema Mzee Shemweta hakuongeza wala hakupunguza, na kwamba mimi mwalimu wa hesabu ndiye niliyeshindwa kuhesabu jogoo. Nilitarajia kilio, au hasira, au angalau mtu aseme amina, maana kule husema amina kwa kila kitu. Bibi mmoja wa mbele akasema, "Haya." Kisha mchungaji akatangaza kikao cha akina mama siku ya Alhamisi. Nikarudi kukaa. Mpaka leo sijui kama nilisamehewa pale au nilivumiliwa.

Baraza la wazee likamrudishia Mzee Shemweta funguo siku ile ile. Alizipokea kwa sharti kwamba atakaa nazo wiki moja tu. Nilimfuata nje nikamsihi aendelee, nikasema jina lake limesafishwa. Akasema kila atakapoandika sasa atasikia mtu anasoma nyuma ya bega lake, na kazi ya Mungu haifanyiki hivyo. Alichotaka ni kitu kimoja: kukabidhi. Aandike mavuno ya mwaka ule kwa mkono wake, afunge kitabu, ampe mwingine mbele ya mashahidi, kwa saini. Hakutaka kuondoka kazini kama mtu aliyenyang'anywa.

Makabidhiano yalifanyika kwenye chumba kidogo cha kubadilishia joho, meza moja, viti vitatu. Elifrida alikuwapo, ndiye aliyesoma jumla kwa sauti. Mzee aliniomba niwe shahidi. Nilikuwa nimeelemewa, macho yana maji, nikatafuta jina langu chini ya ukurasa na kutia saini upesi. Akafunga kitabu, akapeana mkono na kila mtu, akavaa kofia akaenda shambani.

Na jogoo wangu? Siku ile ya mnada, katika kwenda huku na huku, nilijikuta nimeshuka naye hadi mjini ndani ya pikapu. Jumanne nikamwomba mzee mmoja wa msikitini anichinjie, nikampika kwa nazi iliyotoka Tanga. Nyama ilikuwa ngumu, na sikuimaliza.

Elifrida hakuacha chuo. Nilikwenda mara mbili kwao kuongea na mama yake, na mara ya pili alinikaribisha ndani. Alama yake sikuweza kuibadilisha, mfumo haukuruhusu, kwa hiyo ripoti ile ya uongo bado ina alama ya juu kwenye makabati yenu. Msiitumie kama mfano.

Tangu mwaka ule nilisahihisha kwa penseli kwanza. Ndiyo mbinu niliyoahidi mwanzoni, na ukweli ni kwamba mgongo unauma zaidi. Na kila mwaka nilitoa swali moja la mtihani: jogoo mmoja amepokelewa, amenadiwa mara tano, ameishia kwa bibi wa jirani, onyesha katika vitabu. Wapo walioandika mauzo matano. Wapo walioandika michango minne na mauzo ya mara moja. Mmoja aliandika kwamba jogoo hakuuzwa hata mara moja, na nikakaa na karatasi yake wiki nzima. Mwenzenu mmoja kijana, hamtamjua kwa kuwa nimemficha, aliniletea jibu la kurasa nne kutoka viwango vya kimataifa. Nililisoma mara mbili na sikuelewa. Jibu langu la kusahihishia halikuwahi kufanana kwa miaka miwili mfululizo, na wanafunzi walilalamika kwa haki. Nimestaafu bila kulijua.

Mwalimu Mbaga alirudi Same, na simu yake bado inapokelewa. Mzee Shemweta alifariki miaka kadhaa iliyopita. Nilikwenda kumzika, na nilikaa benchi la nyuma. Elifrida alifanya kazi Korogwe kwenye ushirika mmoja, akaolewa, akarudi juu, na usharika ukamchagua mtunza hazina. Mwezi uliopita, wiki ya pili baada ya mimi kurudisha funguo, alinipigia kunialika kwenye mavuno. Akasema pia ana kitu cha kunionyesha, kwa vile sasa si mwalimu wake tena.

Kabla ya ibada alinipeleka kwenye chumba kile kidogo, akafungua kitabu cha zamani kwenye ukurasa wa makabidhiano. Mwandiko wa mzee, ulionyooka. Jogoo, amerudishwa. Boga, limerudishwa. Boga, limerudishwa. Safu nzima inashuka hivyo, karatasi mbili, na kila palipokuwa na la mwisho ameandika jina la bibi aliyepewa. Kwenye mstari wa chini kabisa, juu tu ya saini yangu: "Jogoo 1, Madamu wa chuo. Amechukuliwa."

Miaka yote nimewaambia wanafunzi wasome kabla ya kusaini.

Nikamuuliza Elifrida kama mzee aliandika vile kwa kunikemea. Akasema hajui. Mzee alikuwa anaandika kilichotokea. Nimelifikiria hilo kwa siku nyingi sasa, na nikijiambia ni kemeo naona si kemeo, nikijiambia ni hesabu tu moyo unakataa. Mstari ule ni kweli. Ndiyo sentensi pekee ya kweli iliyowahi kuandikwa kuhusu mimi kwenye vitabu vya mtu.

Baada ya ibada, majogoo yaliletwa mawili. Wa kwanza nilimfuata bei hadi watu wakaanza kucheka, na safari hii hakuna aliyemgusa mwenzake kiwiko. Mnadishaji ni mwingine sasa, kijana, hanijui.

"Unamchukua au unamrudisha, mama?"

"Arudi," nikasema.

Akanadiwa tena. Elifrida alikuwa kwenye meza ya kuandikia, kitabu kipya mbele yake, kalamu mkononi. Aliinua macho akaniuliza aandike vipi, jogoo mpya au vipi. Alikuwa jogoo mweupe, kijana, ambaye sikuwahi kumwona maishani mwangu.

Nikamwambia aandike ni yule yule.